Je, Kunakili Wimbo ni Wizi?
Mwaka 1999, Shawn Fanning, kijana wa Marekani, alipoizindua Napster, programu iliyowawezesha watu wasiojuana kupeana nyimbo katika intaneti bila ya malipo, alizusha, pasipo kukusudia, suala zito la dhamiri: yumkini mtu kuibiwa kitu ambacho hakijamtoka mkononi? Mwizi wa ng'ombe huacha zizi tupu, bali mwenye kunakili wimbo humwachia mtunzi wimbo wake kamili. Bendi ya Metallica, iliyoishtaki Napster mwaka 2000, haikuikubali hoja hiyo. Nami, ingawa siyahurumii sana makampuni yaliyomlazimisha mpenzi wa wimbo mmoja kununua santuri nzima, naona kilichodhulumiwa ni ujira wa mtunzi, ambao haumo ndani ya wimbo uliobaki naye. Napster ilinyamazishwa mwaka 2001; mwaka 2003 Apple ikaanza kuuza wimbo mmojammoja kwa senti 99.