Dhamana ya Ulimi wa Fundi

Jua, ewe msomaji, ya kuwa ulimi wa fundi ni amana, kwani mwenye motokaa haoni yaliyo ndani ya injini yake. Njia ya kutoka Mombo hata Lushoto ni ya kupanda na kupinda milimani, na motokaa yenye mzigo mzito huweza kuchemsha maji humo. Basi mwenyewe akiipeleka kwa muuzaji, naye akasema kabla ya kupima, "Injini imekufa, sharti ifumuliwe yote," huenda ni kweli, na huenda ni mpira wa rejeta uliopasuka tu.

Je, yafaa kumwita mwizi? La, kwani dhana si ushahidi. Je, yapasa kunyamaza na kulipa? La, kwa maana kanuni ya sheria ni kwamba ushahidi ni juu ya mwenye kudai, na aliyedai ubovu ni fundi. Na aoneshe maji yanavuja wapi, na kama yamechanganyika na mafuta, na mgandamizo wa kila silinda ni kiasi gani. Wakikhitilafiana, na aulizwe mjuzi wa pili asiye na faida katika kazi hiyo.

Mtume (s.a.w.) alitia mkono katika chungu ya chakula sokoni, akakuta unyevu ndani yake. Hakuhukumu kwa kutazama juu tu. Alichunguza, akamwuliza muuzaji, kisha akamlaumu kwa kuuficha. Basi mwenye kuzua ubovu usiokuwapo ni ndugu yake mwenye kuficha uliopo: wote wawili hula mali ya watu kwa batili. Wallahu aalam.