Sura ya Sarafu na Udugu wa Waislamu

Bismillahir-Rahmanir-Rahim.

Ndugu zetu Waislamu, katika Suratul Kahf Mola wetu atueleza jinsi vijana wa pangoni walivyomtuma mwenzao mjini na fedha yao anunue chakula. Wafasiri wasema fedha ile ndiyo iliyowafichua, kwani chapa yake ilikuwa ya mfalme aliyekwisha pita. Sarafu, basi, ni shahidi: yasema nani atawala, na nani ni raia wake.

Khalifa Abdulmalik bin Marwan alilitambua hilo. Mwaka 77 wa Hijra (696) alipiga dinari zisizo na sura ya mtu, zenye maneno ya Tauhidi. Masultani wa Kilwa nao, katika sarafu zao za shaba, waliweka upande mmoja jina la sultani, na upande wa pili tamko la kumtegemea Mwenyezi Mungu.

Sasa na tuutazame Rhamu, mji wa ndugu zetu ukingoni mwa mto Daua, mpakani na Uhabeshi. Mwaka 1966 Kenya ilitoa sarafu zake zenye sura ya Mzee Jomo Kenyatta. Sarafu ile ilimwambia mtu wa Rhamu: wewe ni Mkenya. Lakini sheria za hali ya hatari, zilizowekwa huko Desemba 1963, zilimtenga na wenziwe mpaka 1991. Mfukoni mwenyeji, njiani mgeni!

Katiba ya 2010 ilikataza sura ya mtu katika fedha, na sarafu zilizotolewa Desemba 2018 zina twiga, faru, simba na ndovu. Sura imeondoka, je, dharau nayo imeondoka? Hatuiulizi serikali peke yake, bali twaziuliza nafsi zetu sisi watu wa pwani. Ndugu wa Rhamu ashukapo mijini kwetu, shilingi zake twazipokea bila ya kuziuliza kabila; kisha yeye mwenyewe twamwuliza katoka wapi na atarudi lini. Twaiamini sarafu kuliko mwenye nayo, ilhali twasali naye safu moja, kibla kimoja!

Mtume wetu (s.a.w.) ametufunza kwamba Allah hatazami sura zetu wala mali zetu, bali hutazama nyoyo na amali. Chapa ya sarafu hufutika kwa kupita mikononi. Udugu wa Shahada haufutiki illa tuufute wenyewe. Basi mwenye duka na amtangulizie mgeni wake salamu kabla ya kuhesabu fedha yake.

Wabillahi tawfiq.