Wingi wa Mikono na Amana ya Umma

Sifa zote njema ni zake Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Watu wengi huyachanganya maneno mawili, demokrasi na jamhuri, wakadhani ni kitu kimoja. Demokrasi ni amri kuwa ya watu: huulizwa, mikono ikahesabiwa, na walio wengi wakafuatwa. Jamhuri ni dola isiyo na mfalme, ambayo mambo yake si milki ya mtu wala ya ukoo, bali ni amana ya umma wote. Uingereza ina mfalme, na watu wake huchagua. Basi hiyo ni demokrasi isiyokuwa jamhuri. Na ziko jamhuri ambazo raia wake hawana hiari katika kuchagua.

Katika Marekani neno jamhuri huzidishiwa maana: kuwa hata hao wengi wako chini ya sheria. Mwaka 1942 baraza la elimu la West Virginia liliamuru wanafunzi waisalimu bendera. Watoto wa Mashahidi wa Yehova, walioona kuwa jambo hilo lakhalifu dini yao, wakafukuzwa shule. Tarehe 14 Juni 1943 mahakama iliyo juu ya zote katika nchi ile, kwa majaji 6 dhidi ya 3, ikaibatilisha amri hiyo. Na Jaji Robert Jackson akabainisha kuwa haki za msingi za mtu hazipigiwi kura.

Mwislamu hana la kustaajabu hapo. Mtume (S.A.W.) alipotaka shauri kabla ya vita vya Uhud, rai yake ilikuwa kubaki Madina, wengi wakapenda kutoka, naye akatoka. Hayo ni mambo ya shauri. Lakini riba haiwi halali kwa kuridhiwa na wengi, wala mali ya yatima haihalaliki kwa kuhesabiwa mikono.

Basi na azingatie kila akaaye katika baraza la mtaa, la shule au la msikiti. Kisima kichimbwe wapi, hilo na waulizwe watu, na wengi wafuatwe. Lakini shamba la mjane lisitwaliwe kwa kura, hata wakiafikiana wote ila yeye. Na aliye katika wengi leo akumbuke kuwa katika mji mwingine, au siku nyingine, yeye ndiye atakayekuwa mmoja mbele ya elfu. Na hapo hatakuwa na ngao ila ile haki aliyowalindia wenziwe alipokuwa na nguvu.

Wallahu aalam.