Kuegemea Ukuta

Ghorofa nyingi za Kayole na Umoja, huku Eastlands ya Nairobi, hazina lifti. Maji yakikatika, mtungi wa lita 20 hupandishwa kwa mkono hadi orofa ya tano, na miongoni mwa misuli inayofanya kazi hiyo ni ya makalio, iliyo mikubwa kuliko yote mwilini. Tunaitaja sana mitaani, lakini kwa utani na sifa za umbo. Mimi naiheshimu kwa sababu inasaidia kumwinua mtu kitini bila kumwomba mwenzake mkono.

Mama mboga wa Jericho hukaa kwenye kigoda tangu asubuhi. Fundi wa Kamukunji hugonga bati akiwa ameketi. Anayefanya kazi mjini hukunja magoti ndani ya matatu, msongamano wa Barabara ya Jogoo ukimla saa zake. Misuli isiyotumika hulegea, na mzigo wake hukiangukia kiuno. Halafu tunasema ni uzee.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linawataka watu wazima waimarishe misuli angalau siku mbili kwa wiki. Siku hizo zinapatikana. Ada ya jimu ndiyo haipatikani. Lakini nyumba za mawe za Kaloleni, zilizojengwa miaka ya 1940, zina kuta, na hata chumba kimoja cha ploti, chenye kitanda, stovu na pazia, hakikosi futi chache za ukuta mtupu.

Tandika mkeka au leso, ulale chali. Bandika nyayo zote mbili ukutani, magoti yakunjwe kama ya mtu aliyeketi kitini. Kaza makalio, sukuma ukuta, inua nyonga polepole hadi mwili unyooke kutoka mabegani mpaka magotini. Tulia pumzi mbili, kisha shuka taratibu kuliko ulivyopanda. Rudia mara nane au kumi. Ukisikia kazi kiunoni badala ya makalioni, umepanda mno, punguza. Ukisikia maumivu, acha.

Sakafu inabeba mgongo, ukuta unapokea nyayo, na kinachobaki ndilo fungu lako. Hilo ndilo linalonivutia. Eastlands tumelelewa kwa neno moja: jikaze. Huambiwa mtoto aliyeanguka, mama aliye na uchungu wa uzazi, kijana asiye na kazi. Kujikaza kumetuvusha mengi, sikatai. Lakini kumewafanya wengi waone kwamba nguvu ambayo imeegemea kitu si nguvu, hivyo huanza na mazoezi mazito, goti likavimba, wakaacha wiki hiyo hiyo. Mtoto akisimama dede kwa kushika ukuta tunampigia makofi. Mama wa miaka 60 akiuegemea ukuta huo huo, tunaona haya kwa niaba yake. Haya hiyo haina msingi, na inawagharimu wazazi wetu miguu yao.

Siku mara kumi zitakapokuwa nyepesi, ondoa unyayo mmoja ukutani, goti likiwa bado limekunjwa, uinue nyonga kwa mguu uliobaki. Kisha badilisha. Utajua upande gani umekuwa ukibebwa na mwenzake miaka hii yote, na huo ndio wa kuanza nao kesho.