Je, Kukosea Jina ni Kosa?

Sisi tunaokaa milimani tumezoea kuona ndevu za kijivu zikining'inia matawini, na mabaka ya rangi ya majivu juu ya magome na mawe. Zamani, tulipokuwa tukifundisha katika chuo cha ualimu, mparachichi mmoja mkubwa ulijaa ndevu hizo. Tukaliambia darasa kuwa ule ni ugonjwa unaounyonya mti. Mwanachuo mmoja akainua mkono, akasema kwamba kwao miti ya namna ile huzaa miaka mingi. Tukamwamuru aketi. Juma lililofuata, kwa shauri letu, mti ukakatwa. Gogo lilikuwa zima mpaka moyoni.

Baadaye tulisoma, tukajua. Kile si ugonjwa, wala si mmea mmoja. Ni kuvu na mwani vinavyoishi pamoja, ndiyo maana huitwa kuvumwani. Mwani hutengeneza chakula kwa nuru ya jua, na kuvu huupa makao. Gome ni mahali pa kujishikiza tu.

Kuvitambua viumbe hivi hakutaki haraka. Usnea na Ramalina, zote zenye ndevu, hufanana kwa mbali. Chukua uzi mmoja wenye unyevu, uuvute polepole. Ukiwa ni wa Usnea, ganda la nje litakatika, na ndani utaona uzi mweupe unaovutika kama mpira. Ramalina haina uzi huo.

Hata mabingwa wamekosea. Mwaka 1866 William Nylander, mzaliwa wa Finland, alionyesha kwamba tone la dawa huweza kubadili rangi ya kuvumwani na kusaidia kuitambua. Lakini miaka hiyo hiyo Simon Schwendener wa Uswisi alipoeleza kuwa humo mna viumbe viwili, Nylander alikataa, na hakuikubali habari hiyo mpaka alipofariki mwaka 1899. Aliyewafundisha wengine kupima hakutaka kuyapima mawazo yake mwenyewe.

Basi, je, kukosea jina ni kosa? Kwa maoni yetu, kutojua si kosa. Kosa huanza pale mwenye madaraka anapotoa jina bila kupima, tena akamnyamazisha anayejua. Neno letu "ugonjwa" ndilo lililoleta shoka. Na majina tunayowapa watu, kama mvivu, mwizi au mchawi, nayo huja na adhabu zake.

Baada ya miaka mingi tulimwandikia yule mwanachuo, tukamwomba radhi. Alijibu kwa upole kuwa amekwisha kusahau. Sisi hatujasahau. Ninyi mnaofundisha, na ninyi wazazi, msione haya kumwambia mtoto: "Sijui, twende tukatazame."