Kwanza Chokaa, Ndipo Mbegu



Wales ni nchi ya vilima, mvua na kondoo. Mvua ile huosha chokaa ya udongo hata ukawa mchachu, nazo nyasi zinazobaki ni ngumu, zisizonenepesha kondoo. Mwaka 1919 kilianzishwa huko Aberystwyth kituo cha mbegu bora za malisho, na George Stapledon akawa mkurugenzi wake wa kwanza. Katika miaka ya 1930 yeye na wenzake walionyesha kwamba malisho hafifu ya milimani yaweza kufanywa upya.

Yafaa tuangalie utaratibu wake. Kazi ile haianzi kwa kumwaga mbegu. Mbegu bora katika udongo mchachu huota, ikadhoofika, na nyasi za kale zikarudi. Kwanza hupimwa udongo, hutiwa chokaa na mbolea ya fosfeti, na nyasi kuukuu huvunjwa. Ndipo hupandwa nyasi mpya pamoja na klova nyeupe, mmea wa jamii ya kunde. Kwa msaada wa bakteria mizizini, klova hutwaa naitrojeni ya hewani, na nyasi jirani yake hunufaika.

Nasi mwaka hata mwaka twapanda: mafundisho ya Kipaimara, semina, mikutano ya Injili. Kisha twauliza mbona vijana hawadumu. Je, udongo umepimwa? Ikiwa nyumba mbili hushiriki Meza ya Bwana pamoja, na mlangoni hazisalimiani, huo ndio uchachu. Kijana huutambua upesi, wala wimbo mpya wa kwaya hauuondoi. Chokaa yake ni kumwendea ndugu na kupatana naye kabla ya kutoa sadaka, kama alivyoagiza Bwana wetu (Mathayo 5:23–24).

Tena, malisho machanga hayafunguliwi kondoo mara moja. Mizizi ishike kwanza. Basi tusimtwike mwamini mpya vyeo vya kamati. Wala asiachwe peke yake, maana malisho yaliyotelekezwa huota magugu. Awepo jirani aliye kama klova, anayelisha pasipo kelele.

Na chokaa haitiwi mara moja ikatosha. Mvua huiosha, hutiwa tena. Ndivyo yalivyo mapatano. Kabla ya Jumapili ijayo, kila mmoja wetu ajue ni katika mlango upi atapiga hodi. Bwana atupe miguu ya kwenda. Amina.