Anga Lililoonekana Tupu



Mwezi uliopita, baada ya Misa, dada mmoja wa kikundi chetu alinivuta pembeni. Mama yake alikuwa amefariki wiki sita kabla. "Frateri, nasali kila usiku na sisikii kitu. Juu huko hakuna mtu." Mimi na shahada yangu ya falsafa nikaanza kummwagia hoja: ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alinisikiliza kwa heshima, akaniaga. Jumapili iliyofuata hakuja. Jamani, niliona aibu.

Tangu hapo nawaza habari moja ya hapa hapa kwetu pwani. Baharini karibu na Malindi, upande wa Ngomeni, Waitaliano walisimamisha jukwaa la kurushia roketi, San Marco. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka 7 ya uhuru, setilaiti ya NASA ilirushwa kutoka pale. Wakaiita Uhuru. Ndiyo setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahsusi kutafuta eksirei zinazotoka kwenye nyota. Ndiyo, eksirei, kama zile za hospitali ukivunjika mkono.

Kwani zisingepimwa kutoka ardhini? Haiwezekani. Angahewa huzinyonya kabla hazijatufikia. Simama nje usiku na darubini miaka mia, hupati hata moja. Mwaka 1962 Riccardo Giacconi na wenzake walirusha roketi huko Marekani, ikachungulia nje ya angahewa dakika chache tu, ikakuta chanzo kikali upande wa kundinyota la Nge. Uhuru yenyewe ilifanya kazi zaidi ya miaka miwili, ikijizungusha polepole na kukagua anga lote. Orodha yake ya mwisho ina vyanzo 339. Kimojawapo, Cygnus X-1, leo tunakijua kuwa na shimo jeusi. Yote hayo yalikuwa yakimulika juu ya vichwa vya wavuvi wa Malindi tangu zamani!

Sasa msinielewe vibaya. Sisemi eksirei zinathibitisha Mungu yupo. Mungu si nyota iliyojificha, kwamba tukiunda chombo kizuri zaidi tutamnasa. Nasema jambo dogo tu: "sisikii" na "hakuna" ni sentensi mbili.

Halafu kuna hili linalonigusa zaidi. Angahewa hiyo inayotuziba macho ndiyo inayotukinga. Mionzi ile ingetufikia yote, ingetudhuru. Musa aliomba kuuona utukufu wa Mungu, naye Mungu akamweka kwenye ufa wa mwamba na kumfunika kwa mkono wake (Kut 33). Hebu fikiri, chini ya ule mkono Musa aliona nini? Giza, basi. Na giza lile lilikuwa mkono.

Dada yule sikumwambia haya. Aliyefiwa usimpelekee mafumbo. Nilikwenda kwao, tukanywa chai, nikamweleza kwamba tangu Kwaresima nakaa nusu saa kila alfajiri mbele ya Ekaristi Takatifu, na ni kimya kabisa.

"Hata wewe, Frateri?"

"Hata mimi."

Akasema Jumapili atakuja, ila haahidi kusali. Nikamwambia aje hivyo hivyo, Rozari nitaishika mimi.